Tangazeni maji kabla ya kukata tiketi: barua ya wazi kwa wasimamizi wa bahari na ufuo wa Malindi

Kwa wakuu wa hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, idara za utalii na mazingira za Kaunti ya Kilifi, kamati za ufuo, na wenye mahoteli kuanzia Mayungu hadi mdomo wa Sabaki.

Waheshimiwa, salaam.

Ombi letu sisi manahodha na waongoza wageni ni moja, na mengine yote mtakayoyasoma hapa ni matawi yake: shughuli za wageni baharini zipangwe kwa maji, zisipangwe kwa saa ya ofisi. Mwamba wa matumbawe wa Malindi haufunguliwi saa mbili asubuhi ukafungwa saa kumi na moja jioni. Hufunguka mara mbili kwa mwezi, siku tano au sita kila mara, kisha hujifunga wenyewe. Sehemu kubwa ya uharibifu unaolalamikiwa kila msimu hutokea siku ambazo mgeni amepelekwa mwambani wakati mwamba hauna cha kumwonyesha.

Hesabu yenyewe kila nahodha anayo kichwani, lakini mara chache mgeni huiona imeandikwa. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, maji hupwa kwenye saa nne asubuhi na hujaa kwenye saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata wakati husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50, kwa hiyo siku ya tano maji hupwa karibu saa saba mchana. Hizo ndizo siku za bamvua na mkia wake. Bamvua kubwa, hasa za Machi na Septemba, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wiki moja baadaye ni maji mafu: tofauti imepungua sana, kupwa kwa mchana kumesogea hadi saa kumi hivi, na asubuhi, saa ambayo mahoteli hupenda kuwatoa wageni, maji yako juu.

Ongezeni jua katika hesabu hiyo. Mashua ya kioo, yaani yenye kioo sakafuni, huonyesha vizuri mambo mawili yakikutana: maji ya mita 1 hadi 3 chini ya kioo, na jua lililo juu, yaani kati ya saa nne na saa nane. Jua la saa kumi limelala. Hung'aa juu ya maji badala ya kuzama ndani, na upepo wa alasiri ukianza kukoroga, kioo kinakuwa kama dirisha la matatu lililojaa vumbi. Bamvua hutupa kupwa na jua kwa pamoja. Maji mafu huvitenganisha.

Hata kwenye bamvua kuna wakati wa kusubiri. Maji yakishuka sana, vichwa vya matumbawe hubaki na maji ya goti au pungufu, na mashua iliyobeba watu kumi na wawili itavikwaruza. Safari nzuri huondoka ufuoni saa moja na nusu kabla ya kupwa, husogea kando kwenye mlango wa mwamba wakati maji yako chini kabisa, kisha huingia tena maji yanapoanza kurudi. Maji yanayoingia kutoka bahari kuu ndiyo masafi kuliko yote ya siku hiyo. Yanayotoka hubeba mchanga na takataka za kina kifupi.

Sasa tazameni kinachotokea safari ikiondoka saa tatu asubuhi katika maji mafu. Chini ya kioo kuna mita nne au tano za maji. Mgeni anaona vivuli. Amelipa kiingilio, amelipa mashua, na aliyemleta kutoka hotelini anasubiri fungu lake. Nahodha ana njia moja ya kumridhisha: anatoa mkate. Slesi mbili zikianguka majini, samaki wenye milia wanaokaa karibu na uso wa maji hujazana kwa sekunde, mgeni anapiga picha, safari imeokoka. Mkate basi hautokani na ukorofi wa mabaharia. Ni malipo ya fidia kwa maji mabaya. Ndiyo maana makatazo ya mkate hayashiki: yanaziba tundu la chini huku la juu likiendelea kuvuja.

Hasara yake si ndogo. Samaki wanaokimbilia mkate ni wachache kwa aina na wakali kwa tabia; wakizoea kulishwa hufuata mashua, huwasukuma wengine mbali, na huanza kuuma vidole vya waogeleaji. Wanaofanya kazi ya mwamba ni pono, kangaja na tafi, wale wanaokwangua mwani kutoka kwenye mawe. Tumbawe changa haliwezi kushika jiwe lililofunikwa na mwani. Pale wanapobanwa, mwani hushinda, na mwamba ulioumia hauponi. Kikande naye ana kazi yake: huvunja na kula vile viumbe vya miiba mirefu myeusi ambavyo vikizidi hutafuna mwamba wenyewe. Hakuna kati ya hawa anayehitaji mkate wa duka.

Jambo la pili linaloharibu safari ni tope, na hapa Malindi hatufanani na Watamu wala Lamu. Mto unaoanzia nyanda za juu kwa jina la Athi, ukaungana na Tsavo ukaitwa Galana, unatufikia ukiitwa Sabaki, ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya watu. Ni udongo huohuo uliopanua ufuo wa mji. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mkondo husukuma tope kuelekea kaskazini, kwa hiyo hata mvua kubwa za Aprili na Mei zinaweza kuuacha mwamba wa hifadhi kwa kiasi fulani. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inapoingia, tope hugeuka na kushuka upande wa mji na hifadhi. Mvua za vuli zikiwa nzuri bara, Desemba inaweza kuwa na bahari tulivu kama maziwa, na yenye rangi ya chai ya maziwa pia. Huo ndio mwezi ambao wageni ni wengi kuliko yote.

Vasco da Gama, ambaye nguzo yake wageni hupelekwa kuitazama, aliondoka hapa Aprili 1498 akiwa amepata rubani wa kumvusha hadi Uhindi, na kusi ikimsukuma. Hata yeye, na mizinga yake yote, alisubiri siku kadhaa kabla ya kuondoka. Ni ajabu kidogo kwamba leo mgeni wa siku mbili hasubirishwi hata saa mbili.

Tunapendekeza ubao. Ubao mmoja mweusi wa mita moja kwa mita moja na nusu kwenye lango la hifadhi pale Casuarina, na mwingine mahali popote mashua zinapopakia wageni, Mayungu ikiwemo. Kila asubuhi kabla ya saa moja na nusu uandikwe mambo manne: saa ya kupwa, saa ya kujaa, upepo unatoka wapi, na maji yanaonekana mita ngapi. Saa za maji zimo kwenye jedwali la bandari ya Kilindini, na sisi tofauti yetu nayo ni dakika chache tu. Upepo hauhitaji chombo. Uwazi wa maji hupimwa kwa sahani bapa nyeupe ya sentimita 30, yenye uzito wa risasi chini yake na kamba iliyopigwa mafundo kila nusu mita. Sahani hushushwa upande wa mashua wenye kivuli hadi isionekane, mpimaji husoma kina, halafu huivuta polepole hadi ionekane tena, husoma mara ya pili, na huchukua wastani wa vipimo viwili. Kazi yote ni dakika tano. Ifanywe na mtu yuleyule, mahali palepale, kila siku. Wakibadilishana watu watatu wenye macho matatu tofauti, namba hazitasema kitu. Kipimo kisichukuliwe kabla ya jua kupanda kidogo, wala na mtu aliyevaa miwani ya jua.

Sahani ikipotea kabla ya mita 3, mashua za kioo zisitoke siku hiyo. Ikipotea kati ya mita 3 na 5, zitoke kwenye dirisha la bamvua tu. Zaidi ya hapo, kila nahodha na akili yake. Hizi ni namba zetu za kuanzia. Mwaka mmoja wa rekodi utatuambia kama ni kali mno au legevu mno, na wataalamu wa utafiti wa bahari watakuwa na kumbukumbu ya tope la Sabaki ya kila siku bila kununua hata chombo kimoja.

Ubao bila tiketi inayohamishika ni mapambo. Mgeni aliyekwisha lipa kwa mtandao atataka kutoka leo, na aliyemleta atamtoa. Ruhusuni kiingilio cha hifadhi kisogezwe ndani ya siku tatu pale ubao unaposema maji hayafai, au kitumike siku hiyohiyo Watamu, ambako tope la Sabaki ni nadra kufika kwa uzito huu. Serikali haipotezi shilingi, kwa kuwa pesa imeshaingia. Anayepoteza ni dalali wa safari za haraka, naye tunamwomba avumilie.

Mtatuuliza: siku zilizobaki tule nini? Swali la haki, na jibu lake ndilo linalotufanya tuandike, maana pwani hii ina kazi ya kila aina ya maji.

Chukueni siku ya bamvua. Asubuhi mwamba. Alasiri, kwenye saa kumi, maji yanajaa, na hapo ndipo mdomo wa Sabaki unapokuwa bora: fungu za matope alikokuwa ndege akila zimefunikwa, na makundi ya ndege wa pwani, shakwe na jamaa zao hukusanyika kwenye vipande vya mchanga vilivyobaki, jua likiwa nyuma ya mtazamaji anayeelekea baharini. Kundi la wageni lifike saa moja na nusu kabla ya kujaa, likae chini, lisogelewe na ndege badala ya kuwasogelea. Wengi wa ndege hawa hutoka kaskazini ya dunia, hufika kuanzia Agosti na huondoka Aprili. Machi na Aprili wanajaza mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita. Kila mara mbwa au pikipiki inapowarusha, sehemu ya mafuta hayo inaungua bure. Onyo ambalo lazima liwe kwenye ubao wa huko: kuna viboko, na jioni hutoka majini kwenda malishoni. Kundi lisikae kati ya kiboko na maji, na lisirudi kwa njia ya matete jua likishatua.

Maji mafu yana zawadi yake. Saa tatu au nne asubuhi maji yamejaa, na hori ya Mida inaweza kuingiliwa kwa mtumbwi kabla jua halijawa kali. Maji ya ndani ya hori huchelewa kuliko ya bahari kuu, kwa hiyo mtu asitumie saa ya ufuoni moja kwa moja. Mtumbwi una saa mbili hivi kila upande wa kujaa; baada ya hapo njia za maji huwa matope, na mwongozaji anayeshuka kusukuma hukanyaga miche ya mikoko iliyoanza kushika. Mgeni aonyeshwe tofauti: mkoko wenye mizizi ya kusimama kama miguu ya pweza, mchu unaochomoza mizizi yake kama penseli, mlilana unaosimama mbele kabisa majini, mkomafi wenye tunda la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Safari ya mikoko isiyotaja majina haya ni kupiga makasia tu.

Kuna pia msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, ambao maji hayauhusu kabisa. Ni wa alfajiri. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, bado anapekua majani makavu, na baada ya hapo joto huuzima msitu. Kwa bundi mdogo wa Sokoke tuna ombi dogo: waongozaji wakatazwe kumwita kwa sauti za simu. Ndege anayejibu sauti ya mpinzani asiyekuwepo huacha kula na hujifichua kwa adui. Anayemjua bundi anajua mti anaolala mchana, na humwonyesha mgeni kwa darubini bila kelele.

Kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi wenye nundu hupita nje ya mwamba pamoja na watoto wao, na hao pia hawafuati bamvua. Wao na pomboo wana kanuni ya mashine. Mashua isogee kwa ubavu, kwa mwendo sawa na wao, isikatishe mbele wala isifuate nyuma. Tunapendekeza mita 100 kwa pomboo, mita 200 kwa nyangumi mwenye mtoto, mashua mbili kwa wakati mmoja, na dakika 30 tu. Ndani ya umbali huo mashine iwe nyutro, isizimwe na kuwashwa kila dakika, maana mlio wa ghafla huwashtua kuliko mlio wa kawaida. Wanyama wakianza kuzama muda mrefu na kubadili mwelekeo kila waibukapo, wameshasema hawataki. Na pomboo akija mwenyewe kwenye omo, nahodha asiongeze moto. Ashike mwendo wake hadi aondoke.

Turudi mwambani, kwa mambo mawili ambayo ubao hautayatatua.

La kwanza ni nanga. Hifadhi hii ilitangazwa pamoja na ya Watamu mwaka 1968, na ndani yake kuchukua chochote hakuruhusiwi, hata kombe tupu. Lakini nanga ya kilo kumi ikitupwa kwenye matumbawe ya matawi huvunja kwa sekunde kilichoota miaka mitano. Tumbawe la matawi linaweza kukua sentimita kumi kwa mwaka pakiwa pazuri. Lile gumu la mviringo hukua karibu sentimita moja, kwa hiyo lenye urefu wa mtu mzima kutoka kitako hadi kileleni lina umri wa zaidi ya karne. Dawa ni boya la kudumu, na yaliyofungwa hapo zamani hufa kwa sababu zilezile kila mara. Zege hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake majini. Tofali la tani moja nchi kavu hubaki na kilo 570 hivi baharini, na mashua tatu zikifungwa pamoja siku ya kaskazi kali hulikokota juu ya matumbawe yaleyale lililowekwa kuyalinda. Kamba ikiwa fupi, bamvua likijaa boya huzama au hung'oa tofali. Ikiwa ndefu bila kizuizi, maji yakipwa mnyororo hulala na kufagia mviringo mtupu kuzunguka kituo. Viungo vya chuma vya aina mbili tofauti vikigusana hulana kwa kutu. Kamba ya plastiki inayoelea hupikwa na jua na kunaswa na rafadha.

Kwa hiyo: tofali liwekwe kwenye mchanga, si mwambani, boya dogo la kati lifungwe mita moja juu ya chini ili lishike mnyororo usilale, kamba ya juu iwe na uzito mdogo wa kuizamisha, kiungo kinachozunguka kiwepo, la sivyo kamba hujisokota hadi kukatika. Kila miezi mitatu mzamiaji akague, na kiungo kilicholika theluthi ya unene kibadilishwe siku hiyohiyo. Boya moja lihudumie mashua moja. Matengenezo yapewe fungu lake katika makadirio ya mwaka, kwa sababu kuweka maboya hupata picha na hotuba, na kuyakagua hakupati kitu.

La pili ni miwani ya majini, ile inayofunika na pua. Waogeleaji wengi wanaovunja matumbawe hawana nia mbaya. Maji yameingia kwenye miwani, wameshtuka, wametafuta pa kusimama. Jaribio ni rahisi na lifanywe ufuoni: mgeni aweke miwani usoni bila kuvuta ukanda, avute pumzi kwa pua. Ikibaki imeshika, inamfaa. Ikianguka, apewe nyingine, na mwenye masharubu apakwe mafuta ya mgando kidogo juu ya mdomo. Ndani ya kioo pasuguliwe dawa ya meno au mate, pasuuzwe mara moja. Kisha dakika kumi kwenye maji ya kiuno juu ya mchanga, akijifunza kupuliza maji kutoka kwenye mrija na kulala chali akichoka. Hapo ndipo apandishwe mashuani. Kila mwongozaji asichukue zaidi ya watu sita, na avute boya la mviringo lenye kamba za kushika. Asiyejua kuogelea asipewe mapezi ya miguuni. Humfanya apige chini bila kujua. Na badala ya mafuta ya jua ya aina yoyote, mashati ya mikono mirefu yakodishwe pamoja na miwani. Hufunika mgongo vizuri kuliko chupa.

Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na 2016 yakapauka tena. Tumbawe lililopauka bado ni hai kwa wiki kadhaa, likingoja maji yapoe. Miezi ya Machi hadi Mei, walinzi wakiona weupe umeenea, eneo hilo lifungwe kwa wageni hadi rangi irudi. Kulikanyaga wakati huo ni kumpiga mgonjwa.

Kuhusu kasa tutasema kwa ufupi, kwa kuwa vikundi vya ulinzi vya Watamu na Malindi vinaijua kazi hii vizuri. Kasa wa kijani, ng'amba na kigome hutaga ufuo wa Kenya, kasa wa kijani mayai 100 na zaidi kwa kiota, na vifaranga hutoka baada ya siku 50 hadi 60. Kinachowapoteza vifaranga ni taa. Kifaranga hufuata upeo wenye mwanga zaidi, ambao kwa maelfu ya miaka ulikuwa bahari, na sasa ni baa ya hoteli. Taa zinazotazama ufuo zifunikwe kwa juu na kwa mbele, ziwe nyekundu au za rangi ya kaharabu, na zizimwe saa nne usiku. Pikipiki za magurudumu manne zitolewe kabisa juu ya mstari wa maji kujaa: hushindilia mchanga juu ya kiota, na alama za magurudumu ni handaki ambalo kifaranga hawezi kulipanda. Kiota kisihamishwe ila kama bamvua litakifunika, na kikihamishwa, iwe ndani ya saa mbili za kutagwa, mayai yabebwe bila kugeuzwa, shimo jipya liwe na kina na umbo lilelile la chupa. Mchanga ukipita nyuzi 29 hivi, vifaranga wengi huwa majike. Hivyo mimea ya ufuo inayotia kivuli isifyekwe kwa ajili ya mandhari. Na hoteli zisimwahidi mgeni saa ya kuona vifaranga. Mwenye ahadi huchimba.

Chupa za maji za plastiki zilikatazwa kwenye hifadhi na fukwe tangu tarehe 5 Juni 2020. Bado zinapanda mashuani. Ukaguzi wa mkate na ukaguzi wa chupa unaweza kufanywa na askari mmoja, kwenye kikapu kimoja, kabla mashua haijasukumwa.

Tunapendekeza ubao uanze na bamvua la kwanza la Novemba, tanga mbili, majira ya upepo kubadilika, zikiisha na kaskazi ikikaribia, kabla mahoteli hayajajaa. Sahani ya kupimia, kamba na chaki tutatoa sisi. Mpimaji wa kila siku tutamteua kati yetu, na wa akiba wake, na daftari litakaa ofisi ya hifadhi wazi kwa yeyote. Kutoka kwenu tunahitaji ruhusa ya kusimamisha ubao, sahihi chini ya kanuni ya mita 3, na agizo kwa mfumo wa malipo kwamba tiketi inaweza kusogezwa. Tukijibiwa kabla ya Oktoba kwisha, tutakuwa na muda wa kupaka ubao rangi na kuwaeleza madereva wa mahoteli.

Wenu katika kazi,
manahodha na waongoza wageni wa ufuo wa Malindi